Miaka Minane ya Kumngoja Bwana Msa

Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko wa Unguja, alitoka katika mashindano ya kuandika hadithi. Mwaka 1957 hadi 1958 East African Literature Bureau, shirika la vitabu lililohudumia nchi za Afrika Mashariki, lilishindanisha waandishi wa Kiswahili, na Muhammed Said Abdulla akashika nafasi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kilichapishwa mwaka 1960. Cha pili, Kisima cha Giningi, hakikuonekana mpaka 1968. Baadaye vikaja vingine karibu karibu, vikiwemo Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974 na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Kisha kimya tena. Kosa la Bwana Msa kilitoka mwaka 1984. Msomaji aliyeanza na Bwana Msa akiwa kijana alingojeshwa miaka minane mara mbili, na alipokipata kitabu hicho pengine ilimbidi agombanie zamu ya kukisoma na watoto wake mwenyewe.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia kwenye magazeti, na kuanzia 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Herufi za mwanzo za majina yake matatu ndizo zinazounda jina la mpelelezi wake: M, S, A. Kielelezo cha mbali kinajulikana, nacho ni Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, mvuta kiko mwenzake, mwenye rafiki mwaminifu asiyeona kilicho mbele ya macho yake. Lakini Abdulla hakumchukua Mwingereza akamvika kanzu tu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti ya Ali Bomani inakutwa kwenye mzimu, mahali ambapo hofu peke yake ingetosha kuwanyamazisha watu wasiulize zaidi. Inspekta Seif ana sheria na askari. Najum, rafiki wa Bwana Msa, hurukia jibu la kwanza linalomjia. Bwana Msa yeye hushindilia tumbaku kwenye kiko, akauliza jambo linaloonekana halihusiani kabisa na kesi, kisha akanyamaza kusikiliza. Ufunguo mara nyingi umo katika nasaba: nani kazaliwa na nani, nani kalelewa nyumba ipi, na kwa nini jambo hilo lilifichwa. Huo ndio ustadi mkubwa wa Abdulla. Fumbo lake hufumbuliwa kwa kuwajua watu wa mtaa, jambo ambalo hakuna darubini inayoweza kulifanya.

Kumngoja mpelelezi si sawa na kungoja hadithi nyingine. Kesi huisha ukurasa wa mwisho, lakini mpelelezi habaki ukurasani. Msomaji huondoka naye, akawa anamjaribisha kichwani katika visa vya kwao. Ndiyo maana Conan Doyle alipomwua Holmes mwaka 1893 wasomaji hawakukubali, akalazimika kumrejesha kwenye hadithi mwaka 1901 na kumfufua kabisa mwaka 1903. Siku hizi mambo ni yale yale kwenye michezo ya video, ile ambayo vijana huiita gemu. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa michezo miwili ya upelelezi mwaka 1988 na 1989, ambamo mchezaji mwenyewe ndiye anayehoji mashahidi na kukagua mahali pa tukio. Mchezo mkuu uliofuata katika mfululizo huo, Emio, ulitoka Agosti 2024, ukiwa umetungwa na Yoshio Sakamoto yule yule wa mwanzo. Ilikuwa imepita miaka 35, na bado wapo waliokuwa wakingoja.

Kimya cha kwanza cha Bwana Msa kina Mapinduzi ya Zanzibar katikati yake. Januari 1964 utawala wa Sultani uliangushwa, na ulimwengu uliomlea Bwana Msa, wenye mashamba ya mikarafuu, mabwana wake na watwana wake, ukabadilika ghafla. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka ule ule Abdulla alipoacha kazi ya uhariri. Vitabu vilivyofuata vinashughulikia mambo ya tabaka na dhuluma kwa uzito zaidi kuliko cha kwanza, na hapo ndipo inapoonekana kwamba miaka ya kungoja haikupotea bure: Bwana Msa alirudi na kiko kile kile, ila kesi zake zilikuwa zimekomaa.

Kimya cha pili kinahusu njia za kupitishia vitabu. Vitabu vya miaka ya 1970 vilichapishwa Nairobi na East African Publishing House. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati ya hapo kulikuwa na Vita vya Kagera, upungufu wa fedha za kigeni na karatasi ya kuhesabiwa. Kosa la Bwana Msa kilitoka mwaka uliofuata baada ya mpaka kufunguliwa. Mtunzi aweza kuwa na hadithi kamili kichwani, lakini kitabu kinahitaji karatasi, mtambo na barabara iliyo wazi.

Tena barabara ya kitabu haikuishia Nairobi wala Dar es Salaam. Ilifika hata mahali kama Igalula, katika wilaya ya Uyui, kituo cha Reli ya Kati upande wa mashariki wa Tabora. Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa sehemu kubwa inafuata nyayo za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni zaidi ya kilometa 800. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliyofuata iliongeza wasomaji hata mahali ambapo duka la vitabu halijawahi kufunguliwa. Kitabu cha mahali kama hapo huja mkobani mwa mwalimu au mwanafunzi anayerudi likizo. Kinaazimwa nyumba hadi nyumba, jalada linaachana na uzi, na kurasa za mwisho, ambazo ndizo zenye jina la mwuaji, ndizo za kwanza kung'oka. Asiyezikuta hana budi kumtafuta aliyewahi kuzisoma amsimulie, na hapo hadithi ya upelelezi inarudi kuwa ngano ya mdomo.

Bwana Msa hakuwa peke yake katika kungojewa. Willy Gamba, mpelelezi wa serikali aliyebuniwa na Elvis Musiba, alianza katika Kufa na Kupona mwaka 1974, akitumwa Nairobi kufuata nyaraka za siri za harakati za ukombozi. Alirudi katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, Njama mwaka 1981 na Hofu mwaka 1988. Kitabu cha tano, Uchu, kilikuja mwaka 2000, baada ya miaka 12. Huyu alikuwa na shida ambayo Bwana Msa hakuwa nayo. Adui wake mkubwa, utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, alikuwa ameshindwa mwaka 1994, na Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam ilikuwa imefungwa. Musiba ilimbidi amtafutie shujaa wake sababu mpya ya kushika bastola.

Abdulla alifanya jambo gumu zaidi. Kwa miaka 24 wasomaji walikuwa wamezoea kwamba Najum hukosea na Bwana Msa hupatia, naye kitabu cha mwisho akakipa jina la kosa la Bwana Msa mwenyewe. Mwandishi huyo alifariki mwaka 1991, na kitabu kingine cha Bwana Msa hakikutoka.