Fundi aliyejishonea mfuko

Nilikwenda kwa fundi huyu, Mkunazini, Unguja, na suruali ya kupunguzwa inchi mbili. Sikuwa na jengine. Akanipima, akaandika kwenye kijikaratasi, halafu mkono wake ukapanda kwenye mfuko wa shati kukitia, ukagonga kitambaa, ukarudi chini na kijikaratasi chake. Mfuko ulikuwa umeshonwa mdomo.

Nikasogea kutazama. Haukupigwa cherehani, ni mshono wa mkono, sindano kumi na moja, fundo huku na fundo huku. Shati jeupe, uzi mwekundu. Mtu ambaye kazi yake siku zote ni kuuficha uzi kwenye pindo, safari hii kauacha nje kama kidonda. Na juu kidogo ya mshono, pale zinapofikia ncha za vidole, kitambaa kilikuwa kimelainika na kuota manyoya kwa kuguswaguswa.

"Babu, mfuko umekukosea nini?"

"Mfuko hauna kosa, mwanangu. Mwizi ni mkono."

Alivuta sigara zaidi ya miaka thelathini, kisha akaacha, na mashati yake yote saba yameshonwa hivyo. Kwa nini uzi mwekundu? Ili jicho lione kabla kidole hakijafika. Jicho likipitiwa, kidole kijikwae.

Kilichomfumbua macho ni Ramadhani. Kila mwaka alishinda mchana kutwa bila ya sigara, wala hakusumbuka sana. Ikiadhiniwa magharibi, tende moja, maji, na kiberiti kishawaka. "Nikajiuliza, kama ni kiu ya mwili, mbona mchana inaninyamazia? Basi ipo inayonijia kwa saa yake, na mahali pake."

Mahali penyewe ni barazani, baada ya alasiri, kahawa ikishamiminwa. Anasema wiki za mwanzo za kuacha mwili ulimuuma kweli, ukapoa. Kilichomtisha ni mwezi wa sita: hana hamu yoyote, anacheka na wenzake, kikombe mkono wa kushoto, na wa kulia anaukuta umo mfukoni unatafuta. "Nani kautuma? Mie sikuutuma."

Kuna hesabu inayopenda kuzunguka kwenye simu zetu, kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Asili yake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura huko Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Watu wakaishika namba, "angalau" wakaitupa. Miaka mingi baadaye, Phillippa Lally na wenzake mjini London waliwafuatilia watu 96 kwa siku 84, kila mmoja akijenga zoea moja dogo, mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Kipimo cha kati kilikuwa siku 66, lakini mwepesi alikadiriwa siku 18 na mzito 254. Wao walikuwa wakijenga, huyu wangu anabomoa. Sijui kama hesabu ni moja. Lipo jambo moja walilolikuta ambalo nilimsimulia fundi: kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote.

Akanyamaza, akakanyaga cherehani kidogo bila ya kitambaa.

Siku aliyomzika kaka yake alirudi nyumbani, akachukua wembe, akafumua mshono. Alivuta mbili, nyuma ya nyumba, amesimama. Usiku ule ule akatia uzi kwenye sindano. "Nilishona kwa machozi, sindano zikaenda upande. Shati hilo ninalo." Sikumwomba nilione.

Nikamuuliza kama sasa amepona. Akanionyesha palipolainika. Mkono bado unakwenda, miaka minne hii. Basi kaacha, au kajenga ukuta tu na mwizi yuko nje anasubiri? Yeye halimshughulishi swali hilo. Anashona kazi za watu.

La mwanawe ndilo linalomshughulisha. Kijana naye anavuta. Siku moja, akimpigia pasi nguo, baba akamshonea mfuko wa shati, uzi mwekundu vilevile. Asubuhi akaukuta umefumuliwa kwa ustadi, uzi umekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya cherehani. Hawakuzungumza. Nikasema labda kijana alikuwa na adabu. Babu akasema labda.

Suruali ilipokaribia kumalizika aliinua macho juu ya miwani, akatazama mapaja yangu. Simu ilikuwa mfuko wa kulia, na kiganja changu kilikuwa juu yake. Haikuwa imelia.

"Huu wa kulia," akauliza, sindano bado mkononi, "niuache?"

Nikamwambia auache.