Reli Ikifungwa kwa Mpango, Nani Alipwe Fidia?

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo tumeifunza na kuifundisha kwa miaka mingi, nasi tumezoea kuamini kuwa dhara la nyasi hutokana na ugomvi wa fahali. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba nyasi zaweza kuumia hata pale fahali wanapopatana, tena wakapatana kwa maandishi na kwa ushauri wa mawakili. Mfano wangu nautoa Uingereza, katika mikataba ya huduma za reli.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, reli za nchi hiyo zilikuwa chini ya shirika moja la umma lililoitwa British Rail. Sheria ya Reli ya mwaka 1993 ililivunja shirika hilo vipande vipande. Njia za reli, madaraja, ishara na stesheni zilitiwa mikononi mwa kampuni ya Railtrack, nao uendeshaji wa treni za abiria ukakabidhiwa makampuni 25 kwa mikataba ya muda maalumu. Tangu hapo mwenye reli akawa mbali na mwenye treni mbali.

Utengano huo ulizaa swali ambalo halikuwapo awali. Reli ni chuma, na chuma huchakaa. Mataruma huoza, madaraja huzeeka, ishara hupitwa na wakati. Ili vitu hivyo vitengenezwe, sharti njia ifungwe na treni zisimame. Je, mwenye reli akifunga njia kwa juma zima, mwenye treni aliyekwisha kulipia haki ya kuitumia njia hiyo afanye nini? Nauli atakayoikosa nani atamrudishia? Mabasi ya kuwabeba abiria wake nani atayalipia?

Jibu limo katika majedwali mawili ya mkataba wa matumizi ya njia. Jedwali la Nane hushughulikia usumbufu wa ghafla: ishara imeharibika, treni imekwama. Jedwali la Nne hushughulikia usumbufu uliopangwa, na hilo ndilo linalotuhusu leo. Kwa mujibu wake, mwenye reli humlipa mwenye treni fidia kila anapoifunga njia kwa ajili ya kazi za uhandisi. Kufungwa kwa saa zisizozidi 60 hukadiriwa kwa kanuni ya hesabu iliyowekwa tangu mwanzo. Kufungwa kwa muda mrefu zaidi huruhusu gharama halisi kudaiwa. Isitoshe, kipo kifungu mahususi kuhusu usumbufu uliopangwa na kuendelea kwa muda mrefu: iwapo kazi zitarundikana kwa vipindi mfululizo, hata kanuni ya kawaida ikawa haitoshi kuziba pengo, kampuni ya treni yaweza kudai hasara yake yote iliyothibitishwa.

Sitaki msomaji adhani kuwa naupinga utaratibu huu kwa jumla. Una hekima yake. Kwanza, humzuia mwenye reli kuifunga njia ovyo ovyo, kwani kila saa ya kufunga ina bei. Pili, humhimiza atoe taarifa mapema, maana anayetoa taarifa mapema hupunguziwa malipo. Tatu, bila fidia hakuna kampuni ambayo ingekubali kuendesha treni juu ya reli isiyo yake, na kuitegemea huruma ya mtu mwingine.

Wala sisemi kuwa reli zisifungwe. Mnamo tarehe 17 Oktoba 2000, treni iliyokuwa ikitoka London kwenda Leeds iliacha njia karibu na mji wa Hatfield, na watu wanne wakafariki. Chanzo kilikuwa reli iliyopasuka, ambayo ilijulikana kuwa mbovu lakini haikuwa imebadilishwa. Baada ya ajali hiyo treni ziliamriwa kwenda polepole katika mamia ya sehemu nchini kote, gharama zikamwelemea mwenye reli, na katika Oktoba ya mwaka uliofuata Railtrack ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Mwaka 2002 nafasi yake ilichukuliwa na Network Rail. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayelalamikia njia kufungwa kwa matengenezo na akumbuke Hatfield.

Swali langu, basi, ni la mtaalamu wa lugha. Nalo ni hili: katika mkataba huu, nani ametajwa kuwa ndiye aliyeumia?

Neno letu fidia limetokana na Kiarabu, na asili yake ni malipo ya kumkomboa mtu. Tangu mwanzo, basi, neno hilo lilimhusu mtu aliyefikwa na shida, si daftari la hesabu lililopungukiwa. Ukiusoma utaratibu wa Jedwali la Nne kwa jicho hilo utaona jambo la ajabu. Hasara inayofidiwa, kwa sehemu kubwa, hukadiriwa kwa kutazama abiria ambao hawatapanda treni kwa sababu njia imefungwa. Yaani abiria aliyekata tamaa akaenda kwa gari lake, au akabaki nyumbani, ndiye anayehesabiwa. Huyo ameondoka na nauli yake, na nauli hiyo yadaiwa. Lakini abiria aliyevumilia, akalipa nauli ileile, akateremshwa katika stesheni asiyoitaka, akapanga foleni kungoja basi kwenye baridi, akafika kazini amechoka, huyo hahesabiwi popote. Aliyekimbia ana bei, aliyestahimili hana.

Msomaji aweza kuuliza: je, hakuna fidia ya abiria? Ipo. Tangu mwaka 2007 umeenezwa mpango ambao humlipa abiria aliyechelewa, kuanzia dakika 15 au 30 kutegemea kampuni. Hapa ndipo maana ya neno inapogeuka kuwa ngao. Kuchelewa ni kufika baada ya wakati uliowekwa. Na wakati uliowekwa ni ule ulioandikwa katika ratiba. Njia inapofungwa kwa mpango, ratiba mpya huchapishwa. Tuseme safari iliyokuwa ikichukua saa moja kwa treni sasa itachukua saa mbili kwa basi. Ratiba mpya yasema saa mbili. Abiria akifika kwa saa mbili, kwa kawaida huhesabiwa kuwa hakuchelewa hata dakika moja. Saa yake iliyopotea haikufidiwa, wala haikukataliwa fidia. Imefutwa tu, kwa kalamu ya mwandika ratiba.

Tazameni tofauti hiyo. Mwenye treni hupimwa kwa ratiba ya zamani, ile ambayo angeifuata lau njia isingefungwa. Ndiyo sababu anaonekana amepata hasara. Abiria naye hupimwa kwa ratiba mpya. Ndiyo sababu anaonekana hakupata hasara yoyote. Tukio ni moja, kipimo ni viwili.

Upo mfano unaojulikana sana. Stesheni ya London Bridge ilipokuwa ikijengwa upya, treni za kwenda Charing Cross zilipita hapo bila kusimama tangu Januari 2015 hadi Agosti 2016. Kisha ikawa zamu ya treni za kwenda Cannon Street, nazo hazikusimama hapo hadi mwanzo wa mwaka 2018. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na stesheni iliyopatikana ni pana na bora. Hata hivyo, huo ni muda wa miaka mitatu. Mwanafunzi aliyeanza shahada ya kwanza katika mwezi ule wa Januari aliweza kuimaliza kabla ya treni zote kurudi mahali pake. Kwa miaka mitatu usumbufu uliitwa wa muda.

Lugha ya matangazo nayo yafaa kuchunguzwa. Huduma "zitaathiriwa", njia "itafungwa", safari "zitarefushwa". Kila kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Wanafunzi wangu huwaambia kwamba kauli ya kutendwa si kosa la kisarufi, lakini mara nyingi ni mahali pazuri pa kujificha. Kwa upande wao, wahandisi wa reli huliita tendo la kuifunga njia kwa neno la Kiingereza lenye maana ya umiliki: kwa saa kadhaa njia ni milki yao. Na tangu miaka ya 1980 na 1990 abiria, yaani mtu anayeabiri, alianza kuitwa mteja. Jina hilo lilikusudiwa kumheshimu. Lakini mteja huyu hakualikwa pale mkataba ulipoandikwa, wala sahihi yake haimo.

Mambo yameanza kubadilika. Ugonjwa wa Covid-19 ulipozuka mwaka 2020 na stesheni zikabaki tupu, serikali ya Uingereza iliubeba mzigo wa hasara ya nauli. Mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kuyarejesha makampuni ya treni za abiria chini ya umma mikataba yake inapokoma, na Mei 2025 South Western Railway ikawa ya kwanza kurejeshwa kwa sheria hiyo. Kwa kuwa Network Rail nayo ni ya umma, fidia kati ya wawili hao yafanana na mtu kutoa shilingi mfuko wa kulia na kuitia mfuko wa kushoto. Yatabaki makampuni ya mizigo na mengine machache ya binafsi ambayo yastahili kulindwa. Lakini mifuko miwili ikishakuwa ya mtu mmoja, atakayekuwa amepoteza kitu kwa hakika ni yule yule ambaye mkataba haukumwona tangu mwanzo.

Rai yangu ni kwamba sehemu ya fidia ya usumbufu wa muda mrefu imfikie abiria moja kwa moja, hasa mwenye tikiti ya msimu ambaye alilipa mapema kwa huduma asiyoipata. Na kipimo chake kiwe ratiba aliyouziwa, wala si ratiba aliyobadilishiwa. Wako watakaosema kuwa gharama itazidi na matengenezo yatapungua. Hofu hiyo ina uzito, ila jibu lake limo katika Jedwali la Nne lenyewe: toa taarifa mapema, toa njia mbadala iliyo nzuri, na malipo yapungue. Kanuni iliyomfaa mwenye treni haiwezi kukosa kumfaa aliyemo ndani ya treni.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kulisikiliza jambo hili. Mwaka 2006 tulikodisha reli yetu ya zamani kwa mwendeshaji wa binafsi, na mkataba huo ukavunjwa mwaka 2017, mwaka ule ule reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa. Mikataba mingine ya huduma itakuja, ya reli, ya maji, ya umeme. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 humpa mtumiaji haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za huduma, iwe imetolewa na mtu binafsi au na shirika la umma. Hayo ni maneno mazito, lakini nguvu yake itategemea namna watu watakavyoyafasiri maneno hasara na kasoro.

Nawaomba walimu wenzangu tusiishie kufundisha barua rasmi na insha za methali. Tuwape wanafunzi mkataba, hata ule wa nyuma ya tikiti ya basi, tuwaulize maswali matatu: nani ametajwa, nani hakutajwa, na maneno yamefafanuliwa kwa manufaa ya nani? Mwanafunzi akiyaweza hayo amekwisha kujifunza isimu, na uraia pia.