Sumu ya methanoli na dalili za Parkinson

Methanoli ni aina ya alkoholi inayotumika viwandani, kwa mfano kuyeyushia rangi. Kwa sura na harufu inafanana na ethanoli, yaani kileo cha kawaida, lakini ni sumu kali. Baadhi ya wanaonusurika baada ya kuinywa hubaki na mtetemeko, mwendo wa polepole na viungo vilivyokakamaa, kama wagonjwa wa Parkinson.

Ini hugeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki. Asidi hiyo huzuia seli kutumia oksijeni. Huumia zaidi neva ya jicho na, ndani ya ubongo, putameni, sehemu inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Hivyo manusura mmoja aweza kupata upofu na kutetemeka pia. Katika ugonjwa wa Parkinson wenyewe, seli zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kwa sababu madhara ni tofauti, dawa ya levodopa huenda isimsaidie sana aliyedhuriwa na methanoli.

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kama kwingineko Tanzania, pombe ya kienyeji ya kukeneka huitwa gongo. Kenya ni chang'aa, Uganda waragi. Uchachushaji wa kawaida hutoa hasa ethanoli. Maafa makubwa hutokea muuzaji anapotia methanoli ya viwandani, na mnywaji hawezi kuitambua kwa kuonja. Mwaka 2010 watu zaidi ya 80 walikufa eneo la Kabale, Uganda. Mei 2014 wengine zaidi ya 80 walikufa Kenya, na Februari 2024 watu 17 huko Kirinyaga. Hizo ni hesabu za wafu. Waliobaki vipofu au wakitetemeka hutajwa mara chache.

Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24, na zaidi ikiwa methanoli ilichanganywa na ethanoli. Mgonjwa huumwa kichwa na tumbo, hutapika, kisha huona ukungu. Wenzake humwacha alale wakidhani ni pombe ya jana, na hapo ndipo muda hupotea. Hospitalini hutolewa fomepizoli, au ethanoli kwa kipimo cha daktari, ili kuzuia methanoli isigeuzwe. Damu pia yaweza kusafishwa kwa mashine.

Hata hivyo, mzee anayetetemeka kijijini asidhaniwe mlevi. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwakuta watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa kabla ya hapo.