Kimana Haisomi na Listi ya Majuu

Januari kwa simu za wasee ni msimu wa kujipiga kifua. Huyu anasema mwaka huu anameza buku hamsini, mwingine anaona hiyo ni ya watoto, anaweka mia. Hii mchezo ya namba Goodreads ndio walianza nayo 2011: unaandika target, kila buku ukimaliza inahesabiwa. Mi haijawahi nibamba. Ikifika Novemba unapata msee anasaka vitabu nyembamba kama chapo za kioski ndio asiaibike.

Chalenji yenye hunishika ni ile ya mada. Hapo hauulizwi ngapi, unaulizwa gani. Wasee wa Book Riot kule Marekani walitoa yao ya kwanza 2015 wakaiita Read Harder, mada 24 za kumaliza mwaka. Kulikuwa na ya mashairi, ya mapenzi, ya msee aliandika kabla afikishe miaka 25, na ya mwenye ashapita 65. Fiti kabisa. Alafu ukishuka kidogo unapata mada ya mwandishi kutoka Afrika. Bara yote, kuanzia Cairo hadi Cape Town, na Kimana ndani, imewekwa kwa laini moja. Silaumu mtu. Listi huandikwa na msee akiwa amekaa mahali, na hapo mahali huonekana. Hata hapa Kenya kuna wenye walishaamka: Lexa Lubanga na ile Kenyan Readathon yake, Septemba nzima ni buku za Wakenya tu. Sisi mbogi ya kusoma ya Kimana tukasema wacha tushuke chini zaidi, tuandike listi tukiwa tumekaa kwa kioski yetu.

Kimana ni Kajiado ya kusini, kwa ile lami inatoka Emali ikienda Loitokitok. Kama haujawahi fika, cheki nyanya kwa sahani yako, huenda inatujua. Maji ya chemchemi iko, mashamba iko, Jumanne soko inajaa mifugo na mabroka, na ukiinua macho asubuhi kabla mawingu ishuke, Kilimanjaro ndio ile. Wa majuu wakileta mada ya kitabu chenye theluji, sisi theluji tunaicheki kila siku bure. Ni vile tu iko Tanzania.

Mbogi yenyewe ni mchanganyiko: wa boda, dem wa agrovet, wasee wa kupakia nyanya, mwalimu wa BOM mwenye husoma hadi karatasi imefunga njugu, na cuzo wangu wa Kitengela, mwenye hujoin kwa WhatsApp na bado anajiona wa town. Form ni rahisi. Mada 12, moja kila mwezi, kila mtu anajitafutia buku, bora iingie kwa mada. Mwisho wa mwezi tunakaa base unatetea chaguo lako. Haujasoma? Chai na mandazi ya wote ni juu yako, na hatutaki kuskia ati ulikuwa bize.

Mada ya kwanza ilikuwa: buku ya msee alishawahi kanyaga Kimana. Tulijua hiyo itakosa mtu. Mwalimu akacheka tu, akatoa Hemingway kwa begi.

Enyewe sikuamini. Ernest Hemingway, yule mzae wa ndevu, alipiga kambi kando ya kinamasi cha Kimana kwa safari yake ya 1953 na 1954, wakati Kenya ilikuwa ndani ya Hali ya Hatari. Serikali ya mkoloni ikampatia hadi kacheo ka heshima ka kulinda wanyama, yeye mwenye alikuja na bunduki. Januari 1954 akaanguka na ndege mara mbili huko Uganda, kwa siku mbili tu, magazeti mengine yakamtangaza amededi. Mwaka huo huo akabeba Nobel. Maandishi yake ya hiyo kambi hakuwahi yamaliza. Akafa 1961, kijana yake Patrick akayakata, yakatoka 1999 kama True at First Light. 2005 ikatoka ile ndefu, Under Kilimanjaro.

Buku yenyewe sasa? Mlima aliuona poa, simba alimwona poa. Watu ndio hakuwaona vizuri. Kuna manzi wa Kikamba anaitwa Debba, mzae anammezea mate na bibi yake Mary ako hapo hapo kambini. Dem wa agrovet akifika hapo alifunga buku akasema huyu angekuwa Kimana ya leo angeblokiwa kila laini. Wa boda alikuwa na swali nzito kuliko hiyo: mbona Wamaasai wako pembeni kwa stori, na hapa ni kwao? Hiyo siku tuligombana hadi mwenye kioski akaanza kutufagilia miguu. Na ujue, bila hiyo mada hakuna mpakiaji wa nyanya hapa angegusa Hemingway, hata umlipe.

Jibu ya swali ya wa boda ilibidi ikuwe mada ya mwezi unaofuata: buku ya msee wa Maa. Hapo si kutafuta sana, Henry ole Kulet ako na shelfu yake. Alianza na Is It Possible? 1971, akaandika zaidi ya miaka arobaini, akatuacha 2021. Wengi tulikuwa tunamjua kwa Blossoms of the Savannah, ile ilikuwa setibuku ya KCSE. Na setibuku ni setibuku. Unajua Taiyo na Resian kwa majina, unajua wanakimbizwa na kisu cha kutahiri wasichana, unajua maudhui sita na tamathali nne, na bado hujawahi isoma. Ulikariri ukaenda. Dem wa agrovet aliirudia bila mtihani. Akasema kitu kilimgonga safari hii si kisu, ni ganji: vile baba yao, Ole Kaelo, anapoteza job Nakuru, anarudi nyumbani kutafuta biashara, na kufungwa kwake kunaanzia hapo, deni kwa deni. Kwa swali za mtihani sikumbuki nikiulizwa hiyo.

Wa boda akachukua Vanishing Herds, ya 2011. Ni stori ya kapo ya vijana, Kedoki na Norpisia, wanasukuma ng'ombe nchi nzima wakitafuta malisho, na msitu unaisha mbele yao. Huyu msee familia yake ilikuwa na boma kubwa kabla ya ule ukame wa 2021 na 2022. Ng'ombe zilikuwa zinalala chini haziamki, zingine zikauzwa bei ya mbuzi. Nduthi yenye anaendesha ilinunuliwa na zenye zilibaki. Alipofika zamu yake hakutuambia mengi, alisema tu Kulet anajua ng'ombe, akaagiza chai. Hakuna mtu alimbishia.

Miezi mingine ilipita mbio. Mada ya buku iliandikwa jela iligawanya base nusu kwa nusu: wazito wakaenda na Ngũgĩ, Caitaani Mutharabaini, ile aliandikia Kamiti kwa karatasi ya choo, na wa mtaa wakaenda na John Kiriamiti, My Life in Crime. Nadhani unajua ni gani ilimalizwa kwa wikendi moja. Ya mnyama mwenye jina ilikuwa rahisi, Amboseli iko hapo mlangoni, na Cynthia Moss amefuata ndovu za hapo tangu 1972.

Vita kali ilikuja na mada ya buku ya Sheng. Mwalimu akasema hakuna. Wasee wa nyanya wakaleta nakala za zamani za Shujaaz, ile komiki ya DJ Boyie, ilianza 2010, ilikuwa inapatikana bure ndani ya gazeti na kwa vibanda za M-Pesa. Mwalimu: hiyo ni katuni. Msee wa nyanya: mimi nilijifunza kupenda kusoma na hiyo katuni, wewe ulikuwa unanichapa na insha. Tukapiga kura, picha zikapita. Hapo hapo mwingine akauliza, na kusikiza? Anachagua nyanya siku nzima, mikono imejaa, masikio iko wazi. Mwalimu alikuwa ashachoka kushindwa. Ikapita pia, bora usiruke sehemu.

Noma kubwa si uvivu, ni kupata hizo buku. Duka za vitabu za huku zimejaa vya shule, riwaya ni ya kutafuta na tochi. Tangu 2013 serikali inakata VAT ya asilimia 16 kwa vitabu, so buku mpya inaeza kula thao bila aibu. Tumejifunza kutegea msee akienda Nairobi, anapitia inama, hao wauzaji wa chini kwa lami, anachimbua, alafu mzigo inarudi na mat. Buku moja inazunguka mikono yote hadi jalada inachoka. PDF za kuibiwa huwa zinatumwa kwa grupu, sitadanganya, na huwa tunazozana juu yake. Msimamo wangu: mwandishi wa majuu ashaaga, sawa, nitafumba jicho. Mwandishi wa hapa anauza kopi zake kwa mkono, huyo mlipe.

Sasa tunapanga listi ya mwaka ujao. Cuzo wa Kitengela amelalamika ati mada zote ni za Kimana, na yeye huko ako na simba wanatoka Nairobi National Park kuingia kwa ma-plot. Akapendekeza: buku yenye simba na boma. Mwalimu bila kupumua akataja Patterson, The Man-Eaters of Tsavo, 1907. Dem wa agrovet akakataa papo hapo, mzungu na bunduki tushamaliza wa kututosha. Cuzo akatuma jina ya kijana wa kwao, Richard Turere, yule akiwa mdogo alitengeneza taa za kuwaka na kuzima kuzunguka boma, simba wakaogopa, na baadaye akatokea kwa buku, Lion Lights.

"Hiyo si ni ya watoto? Ina picha," mwalimu akaandika.

Base yote ikamkumbusha kura ya Shujaaz.