Karakana ya Visu na Ukuta wa Jirani
Kila Idd ya kuchinja inapokaribia, majumbani mwetu huanza kutafutwa kisu kikali, na aghalabu kinachopatikana ni kile kilichokwisha makali kwa kukatia vitunguu. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kunoa kisu na kumstarehesha mnyama, nasi tunakumbuka alfajiri ya siku yenyewe. Basi tuliposikia kwamba katika mtaa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, kijana amefungua karakana ya visu uani kwa wazazi wake, tulikwenda kumtazama. Tulidhani tutaandika habari za chuma. Tuliyoyakuta zaidi ni ya ujirani.

Alianza kwa pupa, kama waanzavyo wengi: jiko la makaa lenye feni, kipande cha reli kuwa fuawe, na grainda ya umeme. Chuma alikipata kwa wauza vyuma chakavu, springi za gari, ambazo hushika makali vizuri. Haikupita wiki mbili, masizi yakaziangukia nguo zilizoanikwa darini kwa jirani, bibi mzee mwenye pumu. Bibi akaja mlangoni. Hakugomba, alimwambia tu kwamba kazi yake ni ya halali, lakini pumzi zake yeye ndizo hizo alizobakiwa nazo. Kwa haya, kijana alitaka kuuza vifaa siku ile ile.

Babake akamzuia, wakaenda pamoja kwa sheikh wa madrasa. Mas-ala haya yamo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu kinachosomeshwa sana kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi. Kauli iliyo sahihi zaidi humo ni kwamba mtu anaweza kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu, au duka lake lililo kati ya wauza nguo kuwa la mhunzi, akichukua tahadhari na kuziimarisha kuta kwa kadiri ya kazi yenyewe. Wengi wetu hukariri ruhusa tukalisahau sharti. Kijana huyu alianzia kwenye sharti.

Grainda ameiweka kando. Springi huipasha mpaka iwe nyekundu, kisha huifukia ndani ya majivu ipoe polepole, kwani isipolainishwa hivyo tupa huteleza tu juu yake. Halafu hukata umbo kwa msumeno wa mkono na kuchonga bapa kwa tupa, chuma kikiwa kimebanwa kwenye jiliwa. Kisu cha siku moja sasa ni cha siku tatu, lakini sauti haivuki ukuta wa matumbawe. Makaa nayo yameondoka; jiko ni dogo, la matofali na gesi, na mtungi hukaa mahali penye hewa.

Kutia chuma maji, kama wasemavyo wahunzi, ndiko penye hatari. Kisu hupashwa hadi sumaku ikatae kukishika, yapata nyuzi 770, kikaongezwa moto kidogo, kisha kikachovywa ndani ya mafuta ya moto, si maji, ndani ya debe la chuma lenye kifuniko. Mafuta huweza kuwaka ghafla, kwa hiyo ndoo ya mchanga i karibu na wadogo zake hawaruhusiwi uani. Baadaye kisu hukaa katika tanuri la nyuzi 200 kwa saa mbili, mara mbili, ili kisiwe chepesi kukatika. (Tanuri lenyewe ni la keki za mamake, na kesi hiyo haijesha.)

Liko na jambo la pili, zito zaidi machoni petu. Mji huu umeonja hofu ya magenge ya vijana wenye mapanga. Kijana anayefua visu hawezi kusema hayamhusu. Yeye hutengeneza vya jikoni na vya kuchinjia tu, huwauzia watu wazima anaowajua, na vilivyokamilika hufungiwa sandukuni. Ufunguo anao baba. Kibali cha kaunti alikitafuta kabla ya kuuza cha kwanza.

Harufu ya mafuta bado humfikia bibi upepo wa kusi unapovuma, na siku hizo jiko haliwashwi. Tulipomtembelea ilikuwa siku mojawapo: yeye kwenye jiliwa na tupa yake, na visu sita vya Idd mezani vikingojea upepo ugeuke.