Mti Ambao Shoka Liliukataa

Wajukuu zangu, leo tuuzungumzie mbuyu. Mkiwa kwenye daladala mnatoka Mikocheni kuja Kawe kwa Barabara ya Mwai Kibaki, tazameni nje. Mtaona mbuyu ndani ya ukuta wa nyumba ya mtu, mtaona mwingine bodaboda wameegesha kivulini mwake. Kuta, magari na maghorofa, vyote vimeukuta hapo. Lakini miti mingine ya rika lake mtaitafuta msiione. Ilikwenda wapi? Na kwa nini mbuyu ulibaki?

Zamani pwani hii ilikuwa msitu na vichaka. Shoka likaingia, na shoka huchagua. Mvule ukapasuliwa mbao za milango. Mninga ukawa vitanda na makabati. Mikoko ya Rufiji ikakatwa boriti, zikapakiwa majahazini kwenda Zanzibar na mpaka Uarabuni, kubeba dari za nyumba za mawe. Mkwaju na wenzake wakaingia kwenye tanuri la mkaa. Kila mti uliponzwa na uzuri wake.

Mbuyu ulipona kwa sababu seremala hakuutaka. Ndani yake hamna mbao, mna nyuzi laini zilizolowa kama sifongo. Karibu robo tatu ya uzito wa shina ni maji. Haupasuliki ubao, hautoi mkaa wa maana, na ukianguka unaoza na kubaki rundo la nyuzi. Mkata miti alipiga shoka, likazama, akahangaika kulichomoa, akaenda zake.

Kulikuwa na ulinzi mwingine pia. Katika sehemu nyingi za pwani mibuyu mikubwa iliheshimiwa kama makao ya mizimu. Watu walifunga vitambaa vyekundu na vyeupe kwenye matawi, wakafukiza ubani chini yake. Hata asiyeamini hakuthubutu kuukata mti wa namna hiyo. Nendeni Kunduchi, hapo jirani tu, mtaikuta mibuyu imesimama kati ya makaburi ya kale, yale ambayo mafundi wake waliyapamba kwa bakuli na sahani za kauri kutoka China.

Kwa hiyo mti usiofaa kwa mbao ukaishi, na kuishi kwake kukawafaa wengi. Majani machanga ni mboga. Magome hutoa nyuzi za kamba, na ukiyachuna kwa adabu yanaota tena, jambo ambalo miti mingi haiwezi. Kule kwenye hifadhi za Tarangire na Ruaha, kiangazi kikikaza, tembo huyachubua magome hayo na kutafuna kilicho ndani apate maji. Shinani mwenye pango hulala bundi na nyuki, na ndege wadogo aina ya teleka hutaga humo. Na ubuyu wenyewe mnaujua kuliko mimi, maana ndimi zenu nyekundu zinawasemea! Ule unga mweupe unaozunguka mbegu, kabla haujatiwa sukari na rangi, una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito huohuo. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliuruhusu uuzwe kwao kama chakula kipya. Kipya kwao, hapa watoto walikuwa wakiumung'unya tangu enzi za mababu.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda zaidi, nayo hutokea usiku, mkiwa mmelala.

Mvua za vuli zinapokaribia, mbuyu uliokaa mtupu kiangazi kizima huanza kuchipua majani, kwa maji uliyojiwekea shinani. Kisha huning'iniza matumba kwenye vikonyo virefu. Jua likizama, tumba linafunguka. Ua ni jeupe, kubwa, limeinamia chini, na katikati lina mamia ya nyuzi zenye chavua. Harufu yake si ya marashi. Ni nzito, wengine huikunjia pua. Haikuwekwa kwa ajili yetu. Ni ya popo.

Popo anayekula matunda anainusa kutoka mbali. Anakuja, analikumbatia ua, ananywa utamu wake, na chavua inamganda kifuani na usoni. Komba naye huruka tawi kwa tawi kulamba kilichobaki. Kesho yake ua limenyauka. Usiku mmoja ndio nafasi yake kubwa.

Shikeni hili: mbuyu hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe. Unataka chavua ya mbuyu mwingine. Basi mbuyu wa Kawe ukizaa, fahamuni kuna popo aliyetoka kwenye mbuyu mwingine, labda wa Msasani, labda wa Kunduchi, akapita juu ya mapaa ya nyumba zenu na mzigo wa chavua kifuani. Mbuyu ukiangushwa Mikocheni, mbuyu wa Kawe umepoteza mwenzi. Popo wakipigwa mawe mpaka wahame, miti inabaki inachanua bure. Ndiyo maana naumia nikimwona mtoto na manati chini ya mti wenye popo.

Na si manati tu: shoka lililoshindwa siku hizi lina wenzake. Katapila halijali kama mti una mbao au hauna. Linataka kiwanja kiwe tupu. Huenda hali ya hewa inayobadilika nayo inaidhuru: mwaka 2018 wataalamu waliandika kwamba katika mibuyu 13 mikongwe kuliko yote Afrika, 9 ilikuwa imekufa, yote au sehemu yake, tangu mwaka 2005. Mmoja, wa Zimbabwe, ulikuwa umeishi takribani miaka 2,450.

Na watoto wa mibuyu yetu hawaonekani, kwa sababu hatuwatambui. Jani la mbuyu mkubwa lina vidole kama vitano. La mche ni moja tu, zima. Mtu anadhani ni gugu, anapitisha fyekeo.

Mkitaka kupanda, msitumie ubuyu wa dukani, mbegu zake zimepikwa. Pasueni tunda, mung'unyeni unga wote, kisha mbegu zimwagieni maji yaliyochemka, ziacheni mpaka kesho. Ganda lake ni gumu, bila hivyo hukaa muda mrefu bila kuota. Pandeni kwenye kopo lenye matundu chini, na mche ukihamia ardhini uzungushieni miiba, mbuzi wanaupenda. Kiangazi ukipukutisha majani msiung'oe, haujafa. Uwe mbali na ukuta. Pembeni mwa uwanja wa shule panafaa. Na ipandeni miwili, mbegu za tunda la mti huu na za tunda la mti ule, ili kila mmoja uwe na mwenzi wa kupeana chavua.