Udongo ung'aao kama zahabu

Katika karne ya 9, wafinyanzi wa Basra, katika inchi ya Iraki, walijua kupamba vyombo vya udongo hata ving'ae kama zahabu. Je, walitia zahabu? Hapana.

Kwanza bakuli lilipakwa maji mazito meupe yenye bati, likachomwa hata likawa laini kama kioo. Kisha mfinyanzi alisaga feza na shaba, akazichanganya na udongo na siki, akachora nazo picha zake. Akalirudisha bakuli katika tanuru, kwa moto mdogo, akiziba hewa ili moshi ujae. Moshi ule uliyageuza madini yale yakawa utando mwembamba sana, ulioshikamana na bakuli. Lilipopoa, alifuta udongo, na mng'ao ukaonekana. Lakini moshi ukipungua, hapana mng'ao. Moto ukizidi, kazi yote imepotea.

Ufundi huo ulisitawi Misri chini ya watawala Wafatimi (969–1171). Bakuli moja la huko, lenye jina la Sa'd, linatunzwa London, katika Victoria and Albert Museum. Ndani yake amechorwa mtu wa dini wa Wakristu Wakopti, amevaa kanzu yenye kofia, na taa au chetezo kinaning'inia mkononi mwake.

Ndugu wasomaji, inchi ilitawaliwa na Waislamu, na ufundi ulitoka kwao. Hata hivyo mtumishi wa Kanisa alichorwa kwa mng'ao uleule. Tukifundisha habari za Wakristu wa Misri, bakuli hili nalo ni shahidi.